Mlango Uliokunywa Maji

Kuna watu wakiachishwa kazi wanakonda. Mie nilinenepa. Kiwanda cha kamba nilikokuwa karani wa stoo kilipofungwa, wenzangu walikwenda kukaa vijiweni kuilaani dunia. Mie nikarudi nyumbani Temeke, nikavua viatu, nikagundua kumbe chai ya saa nne ikinywewa uani juu ya kigoda ina utamu ambao stoo haikuwahi kuwa nao. Kiinua mgongo chetu kilikuwa katani. Sitanii. Fedha zilikosekana, tukaambiwa kila mtu achukue mabunda yake aende nayo. Wenzangu waliyauza palepale getini. Mie niliyapakia kwenye mkokoteni, nikayapanga ukumbini, na kwa muda mrefu ndiyo yaliyokuwa makochi yetu. Mgeni akiinuka alikuwa na ndevu makalioni.

Neno "nyumbani" nalitamka kwa kujiamini, lakini nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zote za mtaa ule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, kisima kilichofunikwa na bafu. Mie na mke wangu tulikaa vyumba viwili, mama mkwe kimoja, vilivyobaki wapangaji. Mama mkwe hakuwa mtu wa kugomba. Na isitoshe mkwe hagombani na mkwe, wanaheshimiana. Alichofanya ni kukaa barazani na kuzungumza na hewa.

"Wanaume wengine wakitoka asubuhi," aliiambia hewa, "nyumba inapata nafasi ya kufagiliwa."

Hewa haikujibu. Mie nilinyanyua miguu ufagio upite.

Ilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu alikuwa anauza kitu, na asiyeuza alikuwa anatafuta cha kuuza. Kaka yake mama mkwe, yaani mjomba wa mke wangu, alikuwa na lori la kupeleka mitumba Mwanza. Alitaka mtu aliyefika kidato cha nne wa kusafiri na mzigo na kuhesabu marobota. "Nipe huyo mkweo," alimwambia dada yake. "Kasoma, na hapo kwako anaota uyoga."

Nieleze jambo moja ili msinione mvivu tu. Mie nje ya kitanda changu silali. Niliwahi kwenda mazikoni Bagamoyo, nikarudi na mafua yaliyonilaza wiki nzima, na Bagamoyo ni hapo tu. Mke wangu alikuwa akiwaambia mashoga zake, "Huyu wangu akifika Kibaha anaanza kuulizia kama barua zinafika nyumbani." Wakicheka, na mie nacheka nao, maana ilikuwa kweli. Mwanza kwangu ilikuwa kama mwezini, ila mwezini hakuna guest za kunguni.

Basi nikajitetea. Mlango wa bafu ulikuwa wa bati, umeliwa na kutu chini mpaka paka wanapita bila kuinama. Nikamwambia mke wangu amwambie mama yake kwamba nitatengeneza mlango usioota kutu, usiooza wala usioliwa na mchwa, na kwamba milango ya namna hiyo, nikiwa uani kwangu, ndiyo itakuwa kazi yangu. Jibu lilirudi kupitia hewa jioni ileile.

"Kaka anarudi safari masika. Akikuta mlango umesimama na unafanya kazi ya mlango, mtu atakaa. Akikuta maneno, mtu atapanda gari."

Kumbe hata hewa ina masharti.

Wazo la mlango halikutoka kwangu. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na gereji ya fundi bodi mmoja Mnyamwezi. Mie ni Mzaramo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa watani, na utani wetu ulikuwa na ruhusa zote. Aliweza kuingia jikoni kwetu akafunua sufuria, na hakuna wa kumuuliza. Mama mkwe, Mzaramo mwenzangu, naye alikuwa mtani wake, na mbele yake heshima zote alizoniwekea mie aliziweka pembeni, wakatukanana kwa raha mpaka chai inapoa.

Huyu mtani aliziba magari kwa faiba. Alitandika kitambaa cha nyuzi za kioo kwenye tundu, akakipaka gundi nzito aliyoichanganya na matone ya dawa, na baada ya muda gundi ilipata moto yenyewe ikaganda kama jiwe. Mvua ikinyesha juu yake ilikuwa inateleza. Lakini faiba ililetwa kutoka nje, ilikuwa ghali, na ilimuwasha mpaka alikuwa akijikuna hata akiwa anasali. Nami nilikuwa na katani ukumbini.

"Nyuzi ni nyuzi," nikamwambia.

"Siku Mzaramo akiwaza, mvua hainyeshi," akasema. Halafu akakuna kichwa. "Jaribu. Gundi nitakupa. Ila nyuzi ziwe safi, mtani. Gundi haishiki kwenye vumbi."

Hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa kuhusu nyuzi. Mpaka leo anaapa yalitosha.

Sasa, mie kwa mama yangu kule Kawe tulizaliwa wavulana watupu. Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, hakuwa na binti wa kumrithisha, akatazama kundi lake akamchagua yule asiyetoka nje. Nikafundishwa kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, wakati wenzangu wanacheza mpira. Na sheria ya kwanza ya kusuka, unayofundishwa kabla hata hujajua kushika miche ya ukindu, ni kwamba husuki kikavu. Ukindu unaloweshwa, unaviringwa kwenye gunia bichi, unalazwa. Asubuhi unaukuta laini, unakubali kupinda. Mkavu unakatika, unakuchoma, na unakuaibisha mbele ya wanawake. Sheria hii haikukaa kichwani mwangu, ambako ningeweza kuifikiria. Ilikaa vidoleni.

Kwa hiyo niliiosha katani kwa sabuni ya mche, kwa sababu fundi kasema usafi. Kisha nikailowesha na kuilaza kwenye gunia, kwa sababu naenda kusuka. Nikasuka ukili mpana, nikaushona, nikapata majamvi ya ukubwa wa mlango. Nilifanya hayo uani mchana kweupe, nimenyoosha mguu mmoja kama mama yangu, na wapangaji wanawake walifurahi sana mwezi ule.

"Baba, wachumba wameleta posa?" aliuliza mmoja akipita na ndoo.

"Wamekuja watatu," nikamjibu, "nimewakataa, hawana kazi."

Mama mkwe hakunitazama, maana mkwe haangaliwi hivihivi. Lakini siku moja alipofika usawa wangu alisimama, akageukia ukuta.

"Ukili wa pembeni umelegea," aliuambia ukuta.

Nikaukaza. Kwa miaka yote niliyoishi pale, yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote, na niliyafurahia kutwa nzima.

Siku ya gundi nililaza ubao wa meza ya chakula chini, nikaupaka nta ya mshumaa usigande na mlango, nikatandika jamvi la kwanza. Lilikuwa bado na unyevu, tiifu, limelala kama shuka. Gundi niliichanganya na majivu ya pumba za mpunga niliyoyaomba mashineni, nikayachekecha kwa kipande cha kanga mpaka yakawa laini kuliko wanja. Hilo fundi alinifundisha: unga laini unaingia kwenye vitundu vidogo ambavyo gundi peke yake inaviruka, maji yanakosa njia. Nikapaka, nikatandika jamvi la pili, nikapaka tena. Nyumba ilinuka rangi ya kucha. Kuku walihamia kwa jirani.

Ilipoganda, ndani yake kulikuwa na mabaka meupe kama maziwa yaliyomwagika.

"Haya mawingu ni nini?" mke wangu aliuliza.

"Mapambo."

"Uliyapanga?"

"Niliyategemea."

Nikauning'iniza mlango kwa bawaba mpya. Nisiwadanganye, ulikuwa mzuri. Rangi ya chai ya maziwa, na ndani unauona ukili, kila mche na ndugu yake, kama jamvi lililozama kwenye maji yaliyotulia. Mama mkwe aliugonga kwa kifundo cha kidole. Akaufungua, akaufunga, akachungulia kama kuna tundu la kupitisha jicho. Hapakuwa na tundu. Hewa haikuambiwa chochote siku ile, na mie nikalala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani.

Halafu masika yakaingia.

Wiki ya kwanza mlango ulikuwa unafunga kwa kusugua kidogo. Nikasema ni fremu, mbao zinavimba. Wiki iliyofuata ukataka bega. Nikachukua msumeno nikaukata kidogo chini na pembeni, ukanyamaza, kisha ukarudi vilevile, mbaya zaidi. Mke wangu aliupima kwa macho, akanipima na mie.

"Mlango umenenepa kama mwenyewe," akasema.

"Fremu hiyo."

"Na wewe ni fremu?"

Siku ya siku, habari zilikuja asubuhi kwamba lori la mjomba limeshaingia mjini na mchana atapita kwetu. Mke wangu akaenda sokoni kutafuta samaki wa kumpokelea. Wapangaji walikuwa makazini. Tukabaki wawili, mie na mama mkwe. Na kwa wakwe kuna utaratibu: yeye akishika ndoo na kanga kuelekea bafuni, mie ghafla nakumbuka nina shughuli barazani. Nikaenda barazani. Nikasikia mlango unavutwa, ukagoma. Ukavutwa tena kwa hasira, ukaingia kwenye fremu na mlio wa kizibo. Nikajisemea, angalau unafunga.

Maji yakasikika. Yakaisha. Kisha nikasikia mlango unasukumwa. Ukasukumwa tena, mara hii kwa mwili mzima.

"Nani yupo huko?" sauti ya mama mkwe ikauliza.

Hapo ndipo nilipojua kwamba shule haikunifundisha kitu. Nikijibu, maana yake namsikiliza mama mkwe akioga. Nisipojibu, namwacha ndani. Nikachagua kukohoa.

Alikuwa anakitambua kikohozi.

"Kama ni wewe, baba," akasema taratibu, kwa heshima yote, "basi ondoka. Kama si wewe, njoo unitoe."

Sijawahi kupewa amri iliyo wazi kama ile. Nikavaa ndara nikakimbia gereji.

Fundi alikuwa chini ya pikapu. Nilimweleza nikiwa nahema, akatoka chini ya gari polepole, uso umepakaa grisi, na nikaona jinsi anavyojizuia kama mtu aliyeletewa zawadi na hataki kuonekana ana haraka ya kuifungua.

"Yaani mkweo yuko ndani ya mlango wako."

"Mtani, twende."

"Na wewe huwezi kumtoa."

"Siwezi hata kumsikia. Chukua patasi."

Yeye alipita ukumbini mpaka uani. Mie nilibaki barazani nimegeukia barabara, nimesimama wima kama mlinzi wa benki, masikio tu ndiyo yaliyokuwa uani.

"Mtani, shikamoo!" nikamsikia akinguruma. "Nasikia umepanga chumba kipya!"

"Marahaba, we Mnyamwezi mbeba mizigo! Nitoe huku!"

"Kodi umelipa?"

"Nina kanga moja na sabuni machoni, unaniuliza kodi?"

"Wazaramo bwana! Mngekuwa na ngoma leo ungeshapita hata juu ya ukuta!"

"Nikitoka nitakutandika hii ndoo!"

"Basi kaa kwanza, tuzungumze vizuri."

Na pale katikati ya matusi nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kule ndani mpaka anapaliwa. Nikapaza sauti kuelekea barabarani: "Gonga misumari ya bawaba! Anzia ya juu!" Mpita njia mmoja alinitazama akavuka upande wa pili.

Bawaba zikang'oka. Fundi, hilo nampa haki yake, alipoutoa mlango alifumba macho na kuusogeza pembeni huku akijieleza kwa sauti, "Sioni kitu, mtani, mie kipofu, pita," na mama mkwe akapita kwenda chumbani kwake na ndoo yake kichwani kama anatoka kisimani.

Ndipo niliporuhusiwa kurudi kwenye ua wa nyumba ninayoishi. Fundi alikuwa ameulaza mlango chini na kuukata ukingo kwa msumeno wa chuma. Kile kipande alikipinda, na kikatoa maji. Sikutegemea. Matone, kwenye kidole chake.

"Hii katani uliianika?" akaniuliza.

"Kuianika? Niliilowesha."

"Uliilowesha."

"Usiku kucha, kwenye gunia. Vizuri kabisa."

Alikaa chini. Alikaa palepale kwenye tope la uani akashika kichwa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Alipopata pumzi akanieleza, na kwa mara ya kwanza bila kutukana. Gundi na maji hawakai chumba kimoja. Pale uzi ulipokuwa mbichi gundi haikuushika, iliuzunguka tu, ndiyo yale mawingu niliyoyaita mapambo. Katani yenyewe ina kiu kuliko kitambaa chochote cha kioo. Na mie nilipoukata mlango pembeni niliacha ncha za nyuzi wazi, kila ncha ikawa mrija. Bafu likatoa maji, masika yakaongeza, mirija ikanywa, maji yakatembea uzi kwa uzi mpaka katikati. Nyuzi zikavimba ndani, gundi haivimbi, mlango wote ukatafuta pa kwenda. Ulikuwa umekwenda kwenye fremu.

"Nani duniani," akauliza, "analowesha nyuzi kabla ya gundi?"

Dirisha la chumba cha mama mkwe lilikuwa wazi. Sauti ikatoka humo.

"Kwani angesuka kikavu?"

Fundi akageukia dirishani.

"Mama, huu ni mlango," fundi akasema. "Si mkeka."

"Una ukili?"

"Una ukili."

"Basi umesukwa. Na cha kusukwa kinaloweshwa. We jua magari yako."

Fundi akanitazama, akaokota msumeno wake. Baadaye, masika yalipokwisha, mie na yeye tulikuja kuupata ukweli wa katikati. Mlango wa pili niliusuka kwa katani iliyoloweshwa kama kawaida, maana vidole vyangu visingekubali vingine, lakini jamvi likishakamilika nililitandaza juu ya bati la paa juani, siku baada ya siku, mpaka likawa linalia ukilishika. Ndipo gundi. Majivu nikayazidisha, na kingo zote nikazipaka mara mbili, hata zile za chini zisizoonekana. Nao ulikunywa, katani ni katani, lakini ulikunywa kwa adabu, kidogo kidogo, na haukumfungia mtu.

Lakini hayo yalikuwa mbele. Siku ile mjomba alifika mchana, bafu limening'inizwa gunia, na mlango umelala uani kama mgonjwa. Habari alishazipata kona ya barabara. Mtaa ule ulikuwa hausubiri gazeti.

"Ndiyo huu?" akauliza akiugusa kwa ncha ya kiatu.

"Ndiyo huo, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia umemfunga dada yangu." Alikuwa anacheka, hakuwa mtu mbaya. "Basi imekwisha, kijana. Alfajiri tunaondoka. Begi liko wapi?"

Mke wangu alikuwa mlangoni mwa jiko na kisu cha kuparia samaki mkononi. Aliacha kupara. Nami nilianza kufikiria kitanda changu, jinsi kilivyo na bonde upande wangu, na jinsi ambavyo hakuna guest Mwanza yenye bonde lile.

Mama mkwe akatoka chumbani, kanga safi, kichwa kimefungwa, ananukia udi. Akakaa kwenye kigoda. Safari hii hakuitazama hewa. Alimtazama kaka yake.

"Kaka, mlango wa zamani, ule wa bati, nani alinipigilia?"

"Mie hapa."

"Unaikumbuka siku ya upepo?"

Mjomba akaanza kukumbuka, nilimwona. Mie nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo, na mke wangu nadhani naye, maana alisogea.

"Nina povu kichwani," mama mkwe akasema, "mlango wako ukafunguka wenyewe, paa, mpaka ukutani. Na yule mpangaji wa chumba cha mbele, mwalimu, anakuja na ndoo yake. Maskini alihama mwezi uleule, hata salamu zilimshinda." Akanyoosha kidole kwenye mlango wangu uliolala. "Huu umenifungia. Wako ulinifungulia. Mlango kazi yake nini?"

Mjomba alitazama yale mawingu ya mlangoni, akatazama gunia, akatazama viatu vyake.

"Kufunga," akasema.

"Haya. Nami nilisema unafanya kazi ya mlango. Huyu haendi. Jua likirudi atanitengenezea mwingine, na kabla hajapaka hiyo gundi yake, ukili nitaukagua mwenyewe."

Fundi, ambaye hakualikwa na alikuwa ameshafunua sufuria, akapiga makofi. Mjomba akacheka mpaka akakaa, akala samaki wetu kwa wali wa nazi, akalalamika kwamba dunia imeharibika, na hakuna tena kijana anayetaka kuona nchi yake. Nikamkubalia kila neno. Alfajiri alipita na lori kuaga, na mie nilikuwa nimeshatoka barazani kumpungia. Nikampungia kwa mikono yote miwili. Nikampungia mpaka lori likafika kona, na lilipopinda nikawa bado napunga.

"Punguza basi," mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, akivuta shati langu. "Atakuona kwenye kioo, atageuza."